Mafuta Yatokayo Majanini: Historia ya Siagi na Samli katika Mbulu na Hanang

Mafunzo ya Watu Wazima kwa Redio. Somo la historia kwa madarasa ya Wilaya za Mbulu na Hanang. Maneno haya ni yale yale yaliyosemwa katika redio. Yamepigwa chapa ili msome tena polepole darasani.

Kaeni vizuri, kila mtu na daftari lake, tuanze somo letu.

Juma lililopita mama mmoja wa darasa la Dongobesh aliniuliza swali. Alisema hivi: "Mwalimu, nimesikia kuna mafuta yanayodhuru moyo, na kwamba yamo katika mafuta magumu ya kopo. Tena nimesikia kwamba mafuta ya namna hiyo yamo katika siagi ya ng'ombe pia. Je, siagi ambayo mama yangu alinifundisha kuisuka katika kibuyu ni kitu kimoja na mafuta ya kopo?"

Hilo ni swali la mtu mwenye akili. Sikulijibu siku ile kwa sababu jibu lake ni refu. Linaanzia katika kibuyu, linapita tumboni mwa ng'ombe, linakwenda mpaka Ulaya, na mwisho linarudi hapa hapa kwetu, katika nyanda za Basotu. Leo tutalifuata mpaka mwisho.

Siagi ndani ya kibuyu

Wengi wenu mnaijua kazi hii kuliko mimi. Maziwa hukamuliwa, humiminwa katika kibuyu kilichofukizwa moshi, kisha huachwa yagande. Baadaye kibuyu husukwasukwa kwa muda mrefu mpaka siagi itengane na mtindi. Siagi hiyo ikichemshwa polepole mpaka maji yaishe na mashapo yazame chini, mafuta safi yanayobaki juu ndiyo samli.

Siagi bado ina maji. Katika kila sehemu 100 za siagi, mafuta ni kama sehemu 80. Samli ni karibu mafuta matupu, na ndiyo sababu hukaa miezi mingi bila kuharibika. Babu na bibi zetu hawakuwa na jokofu. Samli ilikuwa njia yao ya kuyaweka maziwa ya masika mpaka kiangazi.

Lakini mafuta hayo ni kitu gani? Mafuta yote, ya mnyama au ya mmea, yameundwa kwa vitu vidogo sana ambavyo wataalamu huviita asidi za mafuta. Msiogope neno asidi. Hapa hatusemi juu ya ile asidi kali ya betri.

Nitawapa mfano. Fikirini watu 18 wamesimama mstari mmoja. Kila mtu amefungwa kwa jirani yake kwa kamba moja. Huo mstari ndiyo asidi moja ya mafuta. Sasa fikirini kwamba mahali pamoja tu katika mstari, watu wawili wamefungwa kwa kamba mbili badala ya moja. Ziko asidi nyingi za namna hiyo, zenye kamba mbili mahali pamoja tu. Iliyo mashuhuri ni ile iliyo nyingi katika mafuta ya zeituni na ya karanga, nayo huitwa asidi ya oleiki. Kamba zake mbili ziko kati ya mtu wa 9 na mtu wa 10, na mahali hapo mstari umepinda kama kiwiko cha mkono.

Asidi tunayojifunza leo ni ndugu yake asiyejulikana sana. Nayo ina watu 18, lakini kamba zake mbili ziko kati ya mtu wa 11 na mtu wa 12, na mstari wake umenyooka. Jambo hilo dogo lina maana kubwa. Kuni zilizopinda hazipangiki vizuri katika mzigo, lakini kuni zilizonyooka hulaliana na kukaza. Vivyo hivyo asidi ya oleiki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 13 hivi, na kwa hiyo nyumbani huwa ya majimaji. Hii ya pili haiyeyuki mpaka joto lifike kama nyuzi 44.

Jina lake

Asidi hii ilipewa jina mwaka 1928. Mwanakemia aitwaye Bertram aliitafuta na kuitenga katika mafuta ya ng'ombe, mafuta ya kondoo na mafuta ya siagi. Akaiita asidi ya vakseniki. Jina hilo limetoka katika Kilatini, lugha ya zamani ya Warumi, ambamo ng'ombe jike huitwa "vacca". Maana yake basi ni asidi ya ng'ombe. Kumbukeni neno hilo, kwa sababu tutakutana nalo tena.

Tazameni, ndugu zangu. Kitabu kiliipata asidi hii mwaka 1928, lakini wanawake wa Kibarabaig na wa Kiiraqw walikuwa wameisuka katika vibuyu tangu zamani za mababu. Kutokuwa na jina la kitu si kutokuwa na kitu chenyewe.

Ng'ombe huipata wapi?

Ng'ombe hali siagi. Hula majani. Majani yana mafuta kidogo sana, na mafuta hayo ni ya namna nyingine: kamba zake mbili mbili ziko mahali pawili au patatu katika mstari. Yakiingia katika tumbo la kwanza la ng'ombe, lile kubwa, yanakuta vijidudu wasiohesabika. Vijidudu hao ndio wanaomsaidia ng'ombe kuyavunja majani wakati anapocheua. Nao huzifungua zile kamba za ziada moja baada ya moja. Katika miaka ya 1950 wataalamu walionyesha wazi kwamba kazi hii hufanyika katika tumbo hilo.

Kazi hiyo haimaliziki yote. Mafuta mengine hupita njiani kabla kamba ya mwisho haijafunguliwa, na hayo ndiyo yenye asidi ya vakseniki. Huingia katika damu, hufika katika kiwele, hutoka katika maziwa.

Kwa hiyo chakula chenye asidi hii ni kile kinachotoka kwa wanyama wacheuao: maziwa ya ng'ombe, ya mbuzi na ya kondoo, siagi, samli na jibini, na nyama na mafuta ya wanyama hao. Katika mafuta ya mimea yasiyopitia kiwandani huikuti. Mama mwenye kunyonyesha akila siagi, sehemu yake hupita mpaka katika maziwa ya mtoto.

Kiasi chake si kikubwa. Katika kila sehemu 100 za mafuta ya maziwa, vakseniki huwa kama sehemu 1 mpaka 5. Inategemea anachokula ng'ombe. Akila majani mabichi ya malishoni, huongezeka. Akila makapi makavu na nafaka, kwa kawaida hupungua. Ninyi wenyewe mmekwisha kuona alama ya jambo hili. Siagi ya masika ni ya manjano, na ya kiangazi hupauka. Ile rangi ni kitu kingine kabisa, lakini nayo imetoka katika majani yale yale.

Fanyeni hesabu hii katika daftari. Mama ana samli gramu 100. Kama vakseniki ni sehemu 3 katika 100, anazo gramu ngapi? Jibu ni gramu 3. Akitia kijiko cha gramu 10 katika ugali, ni sehemu 3 za kumi za gramu moja.

Malisho katika historia yetu

Sasa tuingie katika historia yenyewe. Kama mafuta haya yanatoka majanini, basi historia ya siagi ni historia ya malisho.

Nchi ya asili ya Wairaqw, ambao vitabu vya zamani huwaita Wambulu, ni milima ya Mama Isara, upande wa Kainam. Watu walikuwa wengi na nchi ilikuwa finyu. Kwa hiyo ng'ombe walilala ndani ya nyumba, samadi ikatiwa mashambani, na mwenye ng'ombe wengi aliwagawa kwa jamaa na marafiki waliokaa penye majani. Aliyemlisha ng'ombe wa mwenzake alipata maziwa na samadi. Kwa njia hiyo hata mtu asiye na ng'ombe wake mwenyewe aliweza kusuka kibuyu.

Kusini yake, kuuzunguka mlima Hanang wenye urefu wa meta 3,417, walikaa Wabarabaig, ambao ni Wadatoga. Wao walihama na majira. Waliyajua malisho yao moja moja, kila moja kwa jina lake na wakati wake. Nyanda zenye rutuba za Basotu waliziita muhajega, na hayo ndiyo malisho waliyoyathamini kuliko mengine.

Baadaye yakaja maafa. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulienea Afrika ya Mashariki yote na kuua ng'ombe wengi mno. Msafiri kutoka Austria, Oscar Baumann, alipopita nchi hizi mwaka 1892, aliwakuta Wamasai wa upande wa Ngorongoro wakifa kwa njaa. Ng'ombe wakifa, maziwa hukoma, na pamoja na maziwa hukoma siagi, na mtoto hukosa chakula chake cha kwanza.

Hapa tunakutana tena na lile neno "vacca". Mwaka 1796 daktari wa Uingereza, Edward Jenner, alichukua usaha wa ndui ya ng'ombe na kumchanja nao mtoto ili kumkinga na ndui ya watu. Kwa sababu hiyo jina la Kiingereza la chanjo nalo limetokana na jina la ng'ombe. Ng'ombe walimsaidia mwanadamu kwanza. Baadaye mwanadamu alilipa deni lake. Katika miaka ya 1950 na 1960, huko Muguga katika Kenya, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo bora ya sotoka, na mwaka 2011 ulimwengu ulitangaziwa kwamba sotoka imekwisha kabisa.

Wakati wa utawala wa Waingereza samli ilikuwa pia bidhaa ya kuuza. Wafugaji wa Tanganyika waliipeleka madukani wakapata fedha za kodi na za nguo. Lakini serikali hiyo hiyo iliona kwamba mifugo ya Mbulu imezidi nchi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 ukafanywa mpango wa kufyeka vichaka vya mbung'o ili kupata malisho mapya, na pamoja na hayo watu wakalazimishwa kupunguza ng'ombe wao. Wazee wetu hawakulisahau jambo hilo.

Baada ya Uhuru elimu ya chakula ilifika vijijini kwa njia ya redio. Mwaka 1975 ilikuwako kampeni iliyoitwa Chakula ni Uhai, na watu walikusanyika katika makundi kusikiliza kama ninyi leo. Labda baadhi ya wazee wa darasa hili walikuwamo.

Mafuta ya kiwandani

Tumrudie sasa yule mama wa Dongobesh.

Mwaka 1869 Mfaransa Hippolyte Mège-Mouriès alitengeneza siagi ya bandia, yaani majarini, ili watu maskini na askari wapate mafuta ya bei ndogo. Mwaka 1902 Mjerumani Wilhelm Normann alipewa hati ya ugunduzi wa njia ya kuyagandisha mafuta ya majimaji kiwandani kwa kuyatia hewa ya haidrojeni. Kazi ile inafanana na kazi ya vijidudu wa tumbo la ng'ombe: kuzifungua kamba za ziada. Lakini kiwanda hakifanyi kama ng'ombe. Kinaacha mistari mingi iliyonyooka, yenye kamba mbili mahali pengi mbalimbali, tena kwa wingi mkubwa. Katika mafuta mengine ya kiwandani, mistari hiyo ilifika robo ya mafuta yote au zaidi.

Kwa miaka mingi watu walidhani mafuta hayo ni salama kuliko siagi. Kisha mwaka 1990 wataalamu wa Uholanzi, Mensink na Katan, walionyesha kwamba mafuta yenye mistari hiyo huharibu mizani ya mafuta katika damu na kuelekea kudhuru moyo. Mwaka 2018 Shirika la Afya la Ulimwengu liliyataka mataifa yote kuyaondoa katika chakula mafuta ya namna hiyo yanayotengenezwa viwandani.

Basi, mama, jibu langu ni hili. Ni kweli kwamba vakseniki ya siagi yako ni ya ukoo mmoja na mafuta yale mabaya, kwa sababu mstari wake umenyooka. Lakini si kitu kimoja. Kamba zake ziko mahali pengine, kiasi chake ni kidogo, na mwili wako unaweza kuigeuza sehemu yake kuwa asidi nyingine ambayo ng'ombe naye huitengeneza katika kiwele chake. Kwa watu wanaokula siagi kwa kiasi cha kawaida, haikuonekana kwamba vakseniki inaleta madhara kama yale ya mafuta ya kiwandani.

Hata hivyo sitakudanganya. Samli si dawa. Sehemu kubwa ya samli ni mafuta mengine magumu, ambayo yakizidi humdhuru mtu mzima, hasa asiyefanya kazi ya mwili. Tena Shirika la Afya linaposema kwamba mafuta ya ukoo huu yasizidi sehemu 1 katika 100 za nguvu ya chakula cha siku, linahesabu yote, ya kiwandani na ya ng'ombe. Kijiko katika uji wa mtoto ni chakula. Bakuli zima kila siku ni jambo jingine. Na unaponunua mafuta ya kopo, soma karatasi iliyobandikwa. Ndiyo faida ya kujua kusoma.

Nyanda za Basotu

Lakini liko jambo moja ambalo mama hakuuliza, nami naona ni kubwa kuliko swali lake.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, nyanda za Basotu zilianza kulimwa ngano kwa msaada wa Canada. Shirika la serikali lililoitwa NAFCO likafungua mashamba makubwa saba, jumla yake kama eka 100,000. Taifa lilihitaji mkate, na ngano nyingi ilivunwa. Ila nyanda hizo hazikuwa nchi tupu. Zilikuwa muhajega, malisho bora ya Wabarabaig, na humo yalikuwamo makaburi ya wazee wao. Majani yaliyogeuka kuwa siagi yalikwisha, na mifugo ikasukumwa kwenye nchi kavu zaidi.

Mwaka 1981 watu wa kijiji cha Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaibatilisha hukumu hiyo. Shida kubwa ilikuwa uthibitisho: kijiji hakikuweza kuonyesha kwamba kiligawiwa ardhi ile kwa utaratibu wa sheria. Watu waliijua nchi yao kwa miguu yao na kwa majina ya malisho yao, lakini mahakamani ilitakiwa karatasi.

Katika miaka ya 1990 msaada wa Canada ulikoma, na NAFCO yenyewe haipo tena. Lakini fundisho limebaki. Mwaka 1999 Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Kwa sheria hiyo kijiji huweza kupewa cheti cha ardhi yake, mtu huweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na ardhi inayotumiwa na wote, kama malisho, huweza kuandikishwa kwa jina hilo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nawaomba jambo moja. Mnapoitwa katika mkutano mkuu wa kijiji, na mpango wa matumizi ya ardhi ukaletwa, usikubali kusomewa tu. Simama, sogea, usome mwenyewe. Tazama kama neno "malisho" limeandikwa, na limeandikwa mahali gani. Siagi hutoka katika maziwa, maziwa hutoka katika majani, na siku hizi majani hulindwa kwa maandishi.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.

Maswali ya mazungumzo darasani

1. Taja vyakula vitano vyenye asidi ya vakseniki. Je, mafuta ya karanga yamo? Kwa nini?
2. Samli ina gramu 200. Vakseniki ni sehemu 4 katika 100. Ni gramu ngapi?
3. Wazee walioko darasani watueleze: malisho ya kijiji chetu yalifika wapi walipokuwa watoto, na leo yanafika wapi?
4. Je, kijiji chetu kina cheti cha ardhi? Chagueni watu wawili waende kuuliza katika ofisi ya kijiji, walete jibu juma lijalo, nalo liandikwe ubaoni.